Dash 8-400 kutoka kiti cha kulia: ndege isiyomruhusu rubani msaidizi kunyamaza

Ukisafiri kwa ndege kutoka Nairobi kwenda Mombasa, au Dar es Salaam kwenda Dodoma, huenda umeshapanda Dash 8-400: ile ndefu nyembamba, bawa juu ya mwili, mapanga sita kwenye kila injini. Jambojet ya Kenya inarusha aina hii peke yake. Air Tanzania walianza upya kwa ndege hizi Septemba 2016, zilipotua mbili za kwanza. Wengi bado wanaiita Q400, jina la enzi za Bombardier. Abiria huipima kwa kelele na nafasi ya miguu. Hapa tunaipima kwa kazi inayompa mtu aliyekaa kulia, yaani rubani msaidizi, na kama inafaa kuwa ndege ya kwanza ya abiria kwa kijana aliyetoka chuoni na saa 200 tu kwenye daftari lake.

Inafaa, na kwa maoni yetu hakuna shule nzuri kuizidi katika ukanda huu. Ila ina sharti. Ndege hii ina nguvu nyingi, inakaribia kasi ya jeti, mkia wake uko karibu na lami, na haina mtambo wa kujipangia nguvu ya injini. Pengo hilo lote hujazwa na macho na mdomo wa rubani wa pili. Msaidizi mpole anayemheshimu kepteni hadi akashindwa kumwambia kasi inashuka hafai kwenye kiti hiki, hata kama mikono yake ni mizuri.

Vipimo kwa ufupi

Urefu wa mwili ni mita 32.8, mabawa mita 28.4. Injini ni mbili za PW150A kutoka Pratt & Whitney Canada, kila moja ikifikia nguvu-farasi 5,071. Mapanga ni Dowty R408 yenye kipenyo cha mita 4.1. Uzito wa juu wa kuruka unazidi tani 29 kidogo, mafuta yakijaa ni kama kilo 5,300, na matumizi yake angani ni karibu tani moja kwa saa. Mwinuko wa juu ni futi 25,000, au 27,000 kwa zile zilizofungwa vinyago vya oksijeni vya abiria. Kasi ya safari hufika noti 360 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Mshindani wake, ATR 72, huishia noti 275 hivi.

Tofauti hiyo ya noti 85 humfurahisha mhasibu wa shirika. Kwa rubani msaidizi ni dakika zilizonyofolewa kwenye muda wake wa kufikiri, na tutaona hesabu yake mbele.

Nani anafanya nini

Watu wengi mitaani bado wanadhani rubani msaidizi ni mwanafunzi anayemtazama mkubwa wake. Sivyo. Ana leseni ya biashara, ana idhini ya kurusha aina hii ya ndege, na kwa kawaida hurusha nusu ya safari. Safari ya kwenda kepteni anarusha na msaidizi anafuatilia. Ya kurudi wanabadilishana. Anayefuatilia ndiye mwenye redio, orodha za ukaguzi, kuteremsha flapu (vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoongeza ubebaji kwa kasi ndogo) na magurudumu anapoagizwa, na kunadi kila kinachotoka kwenye mstari. Kisichobadilishwa ni amri ya mwisho, ambayo hubaki kwa kepteni.

Kwenye ndege hii kuna kingine kisichobadilishwa: usukani mdogo wa gurudumu la mbele uko upande wa kushoto tu. Huo hugeuza gurudumu hadi digrii 70, wakati pedali za miguu hugeuza digrii 8 peke yake. Kwa hiyo msaidizi hawezi kuitoa ndege kwenye maegesho wala kuikunja mwisho wa njia ya kurukia. Hata akiwa yeye ndiye anayerusha, kepteni huipanga kwenye mstari kwanza kisha humkabidhi. Baada ya kutua, makabidhiano hufanyika kinyume, kasi ikiwa imeshuka. Hapo ndipo wageni hukosea: msaidizi anaachia pedali mapema kabla kepteni hajatamka kwamba amechukua, na kwa sekunde mbili ndege yenye tani 27 haina mwenyewe. Makabidhiano yana nusu mbili, tamko na jibu. Jibu lisipokuja, bado ni yako.

Kabla abiria hawajafika

Kuizunguka ndege huchukua kama dakika kumi, na kwa kawaida ni kazi ya msaidizi. Ukitaka kujua kama mtu anaifahamu Dash 8, mwangalie anasimama wapi.

Breki kwanza. Vijiti vinavyoonyesha unene wa breki huaminika tu kama breki ya maegesho imefungwa. Ukivitazama breki ikiwa imeachiwa, breki iliyokwisha huonekana nzima. Kwa hiyo hakikisha ndani kabla ya kutoka nje. Kisha tairi sita: mbili mbele, nne nyuma. Kisha pini za kufungia miguu ya magurudumu, zenye bendera nyekundu. Zihesabu kwa mkono zikiwa ndani ya mfuko wake, usihesabu kwa kutoziona kwenye miguu. Pini iliyosahaulika maana yake ni mguu usiokunjika baada ya kuruka, na safari inayorudi ilikotoka.

Panga hupimwa kwa kiganja. Pitisha mkono kwenye ukingo wa mbele, polepole, ukitafuta jino lililoachwa na kokoto. Kwenye viwanja vyenye changarawe pembeni mwa lami hilo si jambo la nadra. Kamba za kuzuia mapanga yasizungushwe na upepo lazima ziwe zimetoka. Ingiza kichwa uangalie midomo ya injini, kwa sababu ndege wa porini hupenda kujenga humo ndege ya chuma ikilala nje. Mirija ya kupimia kasi nayo ina adui wake, nyigu wa udongo, anayeweza kuziba tundu ndani ya muda mfupi tu kifuniko kikitolewa mapema. Funika hadi karibu na kuondoka.

Malizia chini ya mkia. Hapo kuna kigusio kinachovunjika mkia ukigonga lami, na kikivunjika taa ya onyo huwaka chumba cha marubani. Kikague kila mara, hata kama taa haijawaka. Mikanda ya mpira ya kupasulia barafu kwenye bawa iko juu, huioni vizuri ukiwa umesimama chini. Rudi nyuma hatua kadhaa utafute mpasuko au kiraka kilichobanduka.

Ndani, msaidizi huingiza njia kwenye kompyuta ya safari, hupokea hali ya hewa, huchukua kibali kutoka kwa waongoza ndege, na hupokea karatasi ya uzito. Kosa baya kuliko yote hapa ni kuchukua uzito wa ndege bila mafuta na kuuingiza kama uzito wa kuruka. Kasi zinazotoka huwa ndogo kuliko inavyotakiwa, na kila kitu kwenye skrini huonekana sawasawa. Kinga yake ni kuwa na namba kichwani kabla ya kufungua karatasi: ndege tupu na watu wake, jumlisha abiria, jumlisha mizigo, jumlisha mafuta. Jibu lako likitofautiana na karatasi kwa tani moja na nusu, mmoja wenu amekosea. Angalia pia mizigo imelala wapi. Mwili ni mrefu na chumba kikubwa cha mizigo kiko nyuma, kwa hiyo abiria wachache wakijikusanya viti vya mwisho huku nyuma kumejaa masanduku, mizani husogea mbali kuliko mgeni anavyotarajia.

Kuwasha na kuondoka

Mara nyingi injini ya kulia huanza, kwa kuwa mlango wa abiria uko kushoto. Kompyuta ya injini husimamia mafuta yenyewe, lakini haimwondolei rubani wajibu wa kukata. Tazama mzunguko ukipanda, mgandamizo wa oili ukitokea, na joto la ndani ya tabo (feni ya ndani ya injini inayozungushwa na gesi moto) lisivuke nyuzi 920. Upepo ukivuma kutoka nyuma kuingia kwenye bomba la moshi, au betri ikiwa dhaifu na mzunguko ukasita, joto hukimbia haraka. Mkono ubaki karibu na leva ya kondisheni (inayopanga mizunguko ya mapanga na kukata mafuta) hadi injini itulie, tayari kuirudisha kwenye kukata mafuta.

Kuna kufuli la usukani kwa ajili ya upepo wa ardhini. Likiachwa limefungwa hubana leva za nguvu zisiende mbele, kinga nzuri ya wabunifu. Hata hivyo zungusha usukani kikamilifu kushoto na kulia, sukuma na vuta, kila safari.

Kuruka kwenyewe huenda upesi. Leva za kondisheni mbele kabisa, mapanga yazunguke mara 1,020 kwa dakika. Leva za nguvu hadi kwenye kituo chake. Anayefuatilia anasoma mambo mawili kwa wakati mmoja: torki (nguvu ya kuzungusha mapanga) za injini zote mbili ziko sawa na zimefika alama, na mfumo wa kujilaza kwa mapanga umewaka tayari. Mfumo huo ndio uhai wako injini ikizimika. Torki ikishuka chini ya asilimia 25, mapanga ya injini iliyokufa hujigeuza yakakata upepo kwa ukingo, na injini ya pili iliyo nzima huongezewa nguvu yenyewe. Mfumo huo usipokuwa tayari, panga lililosimama kwa ubapa ni ubao wa mita 4.1 unaovuta bawa moja nyuma. Kwa hiyo taa hiyo isipowaka, msaidizi hasubiri kuona kama itawaka. Ananadi na ndege inasimama kasi ikiwa bado ndogo.

Mapanga yote mawili huzunguka upande mmoja, na pua huvutwa kushoto nguvu ikiingia. Mguu wa kulia lazima uwe na kazi. Kila unapobadilisha nguvu au kushusha mizunguko hadi 900 kwa ajili ya kupanda, pua husogea tena na kipira cha ulalo hukimbia. Marubani waliotoka kwenye ndege ndogo za injini moja huzoea haraka. Waliotoka kwenye simuleta za jeti huchukua wiki.

Nyanda za juu zinastahili neno lake. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya bahari. Siku ya nyuzi 25, hewa yake ni nyembamba kama ya futi 7,800 hivi. Skrini inaweza kusema noti 115, lakini magurudumu yanakimbia juu ya lami kwa karibu noti 129, na nishati ya kuzimwa na breki imeongezeka kwa takriban robo nzima ukilinganisha na pwani siku ya kawaida. Eldoret, karibu futi 7,000, ni zaidi ya hapo. Injini hizi hazilalamiki. Breki na tairi ndizo zinazolipa, na msaidizi anayefuata muda wa kupoza breki kati ya safari fupi anaiokolea kampuni fedha na anajiokolea uhai.

Dakika kumi na saba

Tupige hesabu tuliyoahidi. Nairobi hadi Mombasa ni kama maili 228 za baharini. Ukipanda hadi futi 24,000, kupanda kunakula kama maili 50. Kushuka kwa pembe ya kawaida ya digrii 3 ni maili tatu kwa kila futi 1,000, yaani 72. Zinabaki kama 106. Kwa kasi ya maili sita kwa dakika, safari iliyonyooka ni dakika 17 au 18.

Ndani ya dakika hizo msaidizi anayefuatilia anarekodi mafuta na kuyalinganisha na mpango, anachukua hali ya hewa ya Mombasa, anapiga hesabu ya uzito wa kutua, anatoa kadi ya kasi, anapanga njia ya kushukia kwenye kompyuta, anasikiliza maelezo ya anayerusha na kuuliza maswali, anajibu wahudumu wa abiria, anabadilisha masafa ya redio mara mbili au tatu, na anamkwepesha kepteni mawingu ya radi kwa kugeuza rada. Kwenye ATR angepata dakika kadhaa za nyongeza. Hapa dawa ni moja: kila kinachoweza kufanywa ardhini kifanywe ardhini. Kadi ya kasi ya kutua inaweza kuandaliwa Nairobi kwa uzito uliokadiriwa, kisha ikasahihishwa tu. Msaidizi anayeanza kazi hizi baada ya kufika juu huwa amechelewa tangu mwanzo, na kuchelewa huko huonekana kwenye kutua.

Kutua, na habari ya mkia

Sehemu hii ndiyo inayoigawa Dash 8-400 na ndege nyingine zote za saizi yake, na ndiyo tunayoshauri isomwe mara mbili.

Mwili ni mrefu, miguu si mirefu kwa kulinganisha. Mkia hugusa lami pua ikiwa imeinuka kati ya digrii 6 na 8, ikitegemea miguu imebonyea kiasi gani. Jicho la binadamu haliwezi kutofautisha digrii 5 na 7 likitazama nje kupitia kioo. Skrini inaweza.

Tatizo huanza na zoea linalofundishwa kwenye ndege ndogo: ukikaribia lami, punguza nguvu hadi mwisho, kisha inua pua polepole. Kwenye Dash 8-400 mapanga makubwa hupuliza hewa nyingi juu ya bawa. Ukizirudisha leva hadi mwisho ukiwa futi 30, hewa hiyo hukoma ghafla, na mapanga yenyewe hugeuka kuwa breki. Ndege huzama. Rubani anahisi inazama, mikono inavuta usukani kwa silika, pua inapanda, mbebeko hauji kwa sababu hakuna upepo wa mapanga, na mkia unafika chini pamoja na magurudumu au kabla yake. Mlolongo wote huo ni sekunde mbili au tatu.

Njia sahihi ni kuacha nguvu kidogo ndani, torki ya asilimia kumi na kitu, hadi magurudumu yaguse. Ikizama zaidi ya unavyotaka, ongeza nguvu; usiongeze pua. Ikishindikana, ruka tena. Kutua kwa kishindo kidogo na pua ikiwa digrii 3 ni kutua kuzuri kwenye ndege hii, hata kama abiria watanung'unika. Kutua laini kama pamba na pua ikiwa digrii 6 ni bahati.

Hapa msaidizi anayefuatilia ana kazi moja kubwa kuliko zote za siku. Kuanzia futi 50 macho yake hayapo nje. Yapo kwenye kipimo cha mwinuko wa pua, na ikifika digrii 5 ananadi, kwa sauti, neno lililoandikwa kwenye utaratibu wa kampuni. Hanong'oni wala hasubiri digrii 6. Kosa la kawaida kwa wapya ni kutazama nje pamoja na kepteni, kwa kuwa kutua kunavutia. Kosa la pili ni aibu: kumnadia mtu mwenye saa 9,000 kwamba pua yake imepanda. Kepteni mwema humwambia msaidizi kabla ya kushuka kwamba anataka kusikia sauti hiyo. Asipokuambia, nadi vivyo hivyo.

Magurudumu yakishika, leva za nguvu hurudi kwenye alama ya diski (DISC) na mapanga hulala bapa kuukinga upepo. Anayefuatilia anaangalia taa mbili za mapanga na vizuia-upepo vya juu ya bawa, kisha anatamka alichoona. Taa moja ikikosekana, breki ya upepo iko upande mmoja tu na ndege itavuta kuelekea huko. Anayerusha lazima ajue kabla hajarudisha nguvu zaidi.

Kushuka kabla ya hapo ni raha, tukubali. Ukibanwa na waongoza ndege ukabaki juu, mapanga hayo hayo hukusaidia: leva nyuma, mizunguko juu, na ndege hushuka mwinuko mkali bila kukimbia. Namba za kushika kichwani ni noti 200 kwa flapu 5 na kwa kushusha magurudumu, 181 kwa flapu 10, 172 kwa 15, na 158 kwa 35. Anayefuatilia akiagizwa flapu kasi ikiwa juu ya namba hiyo, hagusi leva. Anataja kasi.

Swichi ndogo ya barafu

Msomaji wa pwani anaweza kudhani barafu ni habari ya Kanada. Karibu na ikweta, hewa hufika nyuzi sifuri kwenye futi 16,000 hivi. Ndege inayosafiri futi 24,000 hupenya mpaka huo mara mbili kila safari, na masika mawingu yaliyojaa maji huwa yamesimama hapo hapo.

Dash 8-400 ina swichi ya kuongeza kasi za rejea. Ukiiwasha kwenye barafu, onyo la bawa kuacha kubeba husogezwa juu: usukani hutikisika kwa kasi kubwa kuliko kawaida, kwa sababu bawa lenye barafu hushindwa mapema. Swichi hiyo haibadilishi alama za kasi ulizoweka wewe. Hizo lazima uziongeze kwa mkono, noti 15 hadi 20 kulingana na flapu.

Februari 12, 2009, ndege ya aina hii ya Colgan Air, safari 3407, ilikuwa ikishuka kwenda Buffalo, Marekani. Swichi ilikuwa imewashwa. Kasi za kutua zilizopatikana zilikuwa za hewa isiyo na barafu, na alama iliwekwa noti 118. Usukani ulianza kutikisika kwenye noti 131, wakati bawa bado lilikuwa linabeba. Wachunguzi wa Marekani walisema chanzo ni kepteni kujibu vibaya: alivuta badala ya kusukuma. Rubani msaidizi alikunja flapu bila kuagizwa. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Tangu 2013 Marekani inamtaka rubani msaidizi wa shirika la abiria awe na saa 1,500 kwa kawaida, na ajali hiyo ndiyo iliyosukuma sheria.

Kwa hiyo kwenye kiti cha kulia, swichi na kadi ya kasi havitenganishwi. Anayeigusa swichi anatamka, na mwenzake anasogeza alama hapo hapo. Kwetu mtego upo zaidi kwenye kushuka: barafu imeyeyuka zamani, nje ni nyuzi 30, na swichi imesahaulika ikiwa bado imewashwa. Hapo ama utatua kwa kasi ya ziada kwenye lami fupi, ama utashusha kasi na kutikiswa usukani ukiwa futi 500. Orodha ya ukaguzi ya kushuka ina mstari wake. Usiusome kwa mazoea. Gusa swichi kwa kidole.

Magurudumu kwa mkono

Mwaka 2007, ndani ya wiki chache, ndege tatu za aina hii za SAS, shirika la ndege la Skandinavia, zilitua mguu mmoja ukiwa haujashika, mara mbili Septemba na mara moja Oktoba. Hakuna aliyekufa. Mbili za kwanza zilisababishwa na kutu kwenye nyuzi za kiunganishi cha silinda ya mguu, ya tatu na mpira mdogo wa kuzuia uvujaji uliohama na kuziba njia ya mafuta ya haidroli yanayosukuma mguu. Ukaguzi wa sehemu hizo ulibadilishwa baadaye, lakini ndege bado ina sifa ya taa za magurudumu zinazodanganya, kwa sababu ya vihisio vilivyo wazi kwa matope na maji.

Msaidizi anapaswa kujua kwamba vifaa vya kushusha kwa mkono viko upande wake: mlango mmoja darini juu ya kichwa, mwingine sakafuni kando ya kiti. Kasi isizidi noti 185. Swichi ya kuzuia hufungwa, leva ya magurudumu hushushwa, mlango wa darini hufunguliwa kabisa na kishikio cha miguu mikuu huvutwa hadi mwisho. Kisha mlango wa sakafuni hufunguliwa kabisa, mpini wa pampu huingizwa na kupigwa hadi miguu ishike, na kishikio cha gurudumu la mbele huvutwa. Kinachokosewa ni kuvuta nusu. Kishikio ni kizito kuliko simuleta inavyoonyesha. Mtu husikia mlio wa kwanza akadhani kimeisha. Milango hiyo ibaki wazi, usiifunge kwa kutaka usafi. Na kila hatua isomwe kwenye kitabu cha dharura, kepteni akirusha, hakuna anayefanya kwa kumbukumbu.

Kitu kingine kizuri cha kujua: usukani mmoja ukikwama, unaweza kutenganishwa na mwenzake. Kwa mlalo, kushoto hubaki na vizuia-upepo na kulia hubaki na visawazishi vya bawa. Kwa pua, kila upande hubaki na nusu yake ya mkia. Siku hiyo msaidizi anaweza kuwa ndiye mwenye usukani unaofanya kazi.

Kasoro, na nani aichukue

Chumba cha marubani hakina sifa ya starehe. Injini ndogo ya mkiani hufanya kazi ardhini tu, na ikiwa mbovu, mchana wa Dar es Salaam kabla ya kuwasha ni jasho tupu. Nunua vidaka-sauti vinavyopunguza kelele kwa umeme. Safari nne kwa siku na mlio wa mapanga huchosha masikio kimya kimya. Kompyuta ya safari, UNS-1E ya Universal Avionics, ni ya kizazi cha nyuma na inataka vidole vyenye subira. Utengenezaji wa ndege mpya ulisitishwa 2021, De Havilland Canada wakiwa wamiliki, kwa hiyo utakayorusha itakuwa na umri wake na daftari lake la kasoro zilizoahirishwa. Lisome lote, si ukurasa wa juu.

Faida kwa kijana ni kubwa. Kupanga torki kwa mkono, safari baada ya safari, hujenga mkono na jicho ambavyo mtambo wa kujipangia nguvu hauvijengi. Viwanja vya aina nyingi, vya pwani na vya milimani, ndani ya siku moja. Ukihamia jeti baadaye utalazimika kujifunza upya kupunguza kasi mapema, kwa sababu hutakuwa na mapanga ya kukushika.

Kabla ya kusaini bondi ya mafunzo (mkataba wa kulitumikia shirika kwa muda kufidia gharama za kukufundisha) uliza mambo haya kwa maandishi: mafunzo ya simuleta yana zoezi la kutua kwa nguvu ndani na kunadi mwinuko wa pua, au hapana, utafanya safari ngapi na mkufunzi kabla ya kuachiwa, kwa siku ni safari nne au sita, ukifuta kutua kwa sababu ya pua, kuna maswali au hakuna, na bondi inapungua kila mwezi au inabaki ile ile hadi siku ya mwisho.